Tope la masika huenda wapi maji yakishatakata?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mvuvi wa Kunduchi, Dar es Salaam, natumia madema na mshipi. Kila masika maji ya huku kwetu hugeuka rangi ya chai ya maziwa, halafu mvua ikikata yanaanza kutakata taratibu. Mwaka huu kuna jambo limenishangaza. Mvua ilikuwa imekata zaidi ya wiki, maji yakawa safi kabisa, kisha bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, lilipofika yakachafuka tena na tone la mvua hakuna. Wazee wa hapa wanasema hilo ni tope la Rufiji, linapandishwa na kusi, upepo wa kusini. Vijana wenzangu wanasema ni la Msimbazi. Naomba kujua: tope hili latoka wapi, maji yakitakata linakuwa limekwenda wapi, na je, Bwawa la Nyerere lililojengwa huko Rufiji litatupunguzia?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na hilo lililokushangaza, kwa sababu ndilo linalofungua mengine yote. Maji yalipotakata, tope halikuwa limeondoka. Lilikuwa limelala chini, huenda hapo hapo unapotega madema yako, na bamvua likaliamsha. Watu wengi, wakiwemo waliosomea mazingira, huikagua pwani kwa kutazama maji tu. Wakiyaona yanang'aa husema bahari imejisafisha. Mimi husema imetua mzigo, na mzigo uliotuliwa hubebwa tena.

Tuanzie mtoni. Mto uliofurika hubeba mashapo ya saizi mbalimbali kwa mpigo mmoja. Kuna mchanga, ambao kila mtu anaujua. Kuna chembe za kati, ambazo ukizisugua kwa vidole unazihisi lakini huwezi kuziona moja moja. Na kuna udongo wa mfinyanzi, ambao chembe yake haifiki sehemu moja ya 500 ya milimita. Mwaka 1851 mwanahisabati George Gabriel Stokes alionyesha kwamba mwendo wa chembe ndogo kuzama majini hufuata mraba wa kipenyo chake: chembe ikiwa nyembamba mara 10, huzama polepole mara 100. Tufanye hesabu kwa maji ya mita 10 yenye joto la kwetu, yaliyotulia kabisa. Mchanga mwembamba wa sehemu moja ya kumi ya milimita hufika chini kwa dakika 15 hadi 20. Chembe ya kati, yenye upana wa sehemu moja ya 50 ya milimita, huchukua saa sita hadi saba, yaani muda wa maji kujaa au kupwa mara moja. Chembe moja ya mfinyanzi huchukua karibu mwezi mzima.

Mwezi mzima, na hapo tumesema maji yaliyotulia. Bahari ya Kunduchi haijawahi kutulia mwezi mzima. Kwa hesabu ya Stokes peke yake, mfinyanzi wa masika ungekuwa bado unaelea masika mengine yanapoanza. Lakini wewe unaona maji yanatakata kwa siku chache. Kuna kitu kinauharakisha, nacho ni chumvi.

Nadhani umewahi kuona mtu akitia shabu kwenye ndoo ya maji ya kisima yenye tope. Anakoroga, anaacha, na baada ya muda maji ya juu yanakuwa meupe na uchafu umekaa chini. Mitambo ya kusafisha maji ya Mto Ruvu tunayoyanywa hapa mjini inatumia kanuni hiyo hiyo. Chembe za mfinyanzi zina chaji hasi ya umeme usoni mwake, kwa hiyo zikikaribiana kwenye maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, husukumana. Shabu huua kule kusukumana. Maji ya bahari nayo hufanya hivyo bila kununuliwa dukani, kwa sababu yamejaa ayoni chanya, yaani chembe zenye chaji chanya, za sodiamu, magnesiamu na kalsiamu ambazo huzifunika zile chaji hasi. Chembe zikigongana sasa hazirudi nyuma. Hushikana na kuwa vibonge, na vibonge hukusanya vibonge vingine. Haihitajiki chumvi kamili ya bahari, ambayo ni takribani gramu 35 kwa lita. Gramu mbili tatu tu kwa lita zinatosha kuanzisha kazi. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kushikana huku hutokea pale pale mtoni unapokutana na bahari, kabla maji hayajafika mbali.

Kibonge kimoja kinaweza kuwa na maelfu ya chembe na maji mengi katikati, tena kimeunganishwa na ute unaotolewa na vijidudu. Ni chepesi kwa ujazo wake, lakini ni kikubwa, kwa hiyo hushuka kwa sehemu moja ya kumi ya milimita hadi milimita nzima kila sekunde. Zile mita 10 zilizokuwa zinaugharimu mfinyanzi mwezi mzima sasa ni kazi ya saa tatu hadi saa ishirini na kitu.

Usiniamini kwa maneno. Chukua chupa mbili za plastiki zinazopitisha mwanga, moja jaza maji ya mvua, nyingine maji ya bahari uliyoyachota mbali na mdomo wa mto. Tia kiasi sawa cha tope la mkondo wa Mto Tegeta, tikisa zote, ziweke kivulini. Ya bahari itaanza kutakata juu wakati ile ya mvua bado imevurugika, na kesho yake ile ya mvua huenda bado ina ukungu. Nimewafanyia jaribio hili wanafunzi na madiwani, na kila mara wanaoshangaa zaidi ni madiwani.

Ila ushikamano huu si wa kudumu. Mawimbi au mkondo ukiwa mkali, vibonge huvunjika na kurudi kuwa chembe ndogo. Mkorogo kidogo husaidia chembe zikutane, mkorogo mwingi unazitawanya. Ndani ya hori, yaani mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, maji yanaposimama, vibonge hukua na kushuka. Yakianza kupwa kwa kasi, huchanika. Hilo hutokea mara nne kwa siku, kila siku ya Mungu.

Sasa tuangalie maji yenyewe. Maji ya mto hata yakiwa mazito kwa macho, kwa kipimo ni mepesi kuliko ya bahari. Ili mto uzame chini ya bahari ungehitaji kubeba karibu kilo 40 za udongo katika kila mita moja ya ujazo. Mto wa Manjano kule China hufikia huko. Mito yetu ya Dar haifiki. Kwa hiyo maji ya mto hutandaza juu, tabaka la mita moja au mbili, pengine chini ya hapo. Bila shaka umeona ule mpaka: upande mmoja kahawia, upande mwingine bluu, na katikati mstari wa povu, majani, chupa na kila takataka ya mjini. Mstari ule upo kwa sababu maji ya pande zote mbili yanasukumana kuelekea hapo na mazito yanazama chini ya mepesi, yakiacha juu kila kinachoelea. Wavuvi wanaotupa mshipi pembeni ya mstari ule wanajua wanachofanya.

Wakati maji ya mto yanatoka juu, maji ya chumvi huingia chini yake kuelekea mtoni. Vibonge vinavyoshuka kutoka tabaka la juu huangukia ndani ya mkondo huu wa chini, na badala ya kwenda baharini vinarudishwa nyuma. Wengi wanapenda kuamini kwamba mto unatema tope na bahari inalimeza. Ukweli ni kwamba mdomo wa mto hulizungusha tope lile lile kwa siku nyingi, na mara nyingi mahali pachafu kuliko pote si mtoni kwenyewe wala baharini, ni pale katikati chumvi inapoanzia.

Haya, wazee na Rufiji yao. Kuhusu mwelekeo, wazee wako sahihi kabisa. Dunia inavyozunguka, kusini mwa ikweta chochote kinachosafiri umbali mrefu husukumwa kushoto kwake. Mto wa kwetu unatoka magharibi ukielekea mashariki, na kushoto kwake ni kaskazini. Juu ya hilo kuna Mkondo wa Pwani ya Afrika Mashariki, ambao hupanda kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi hupata nguvu zaidi. Masika ndiyo wakati kusi inapoingia. Kwa hiyo mwezi wa nne na wa tano kila kitu kinasukuma maji ya Rufiji kuja huku. Vuli mambo hubadilika: kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, ikianza, mkondo mkubwa hupungua mwendo, na maji ya karibu na ufuko huweza hata kusukumwa kusini.

Tatizo la maelezo ya wazee ni umbali. Mdomo wa kaskazini wa delta ya Rufiji uko zaidi ya kilomita 100 kusini mwa Kunduchi. Tuseme maji yanakuja kwa robo mita kila sekunde bila kusimama, bila kurudishwa na maji kupwa, bila kukwama Mafia. Yatachukua karibu siku tano. Kibonge kinachoshuka nusu milimita kwa sekunde hufika chini ya maji ya mita 20 kwa saa 11. Kitakuwa kimetua kabla hakijatoka kwenye Mlango wa Mafia. Kinachoweza kufika Dar ni masalia membamba mno, ambayo hayawezi kutoa rangi uliyoieleza.

Rufiji hubeba tope la kutisha, sikatai. Bonde lake lina kilomita za mraba zipatazo 177,000, likikusanya maji ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu, na makadirio ya kabla ya bwawa yalikuwa tani milioni 15 na zaidi za mashapo kila mwaka. Lakini delta yenyewe ndiyo ushahidi wa mahali mzigo huo ulipoishia. Ardhi yote ile ya mikoko, zaidi ya hekta 50,000, ni tope lililogoma kwenda mbali. Mwaka 1915 Waingereza walipotaka kuizamisha manowari ya Kijerumani Königsberg iliyojificha ndani ya delta, meli zao kubwa hazikuweza kuingia kwa sababu ya kina kifupi cha midomo ile. Iliwabidi walete meli mbili za kina kifupi, Severn na Mersey. Mabaki ya Königsberg baadaye yalimezwa na tope lile lile. Ukienda Mafia utaona alama nyingine: maji ya magharibi, yanayotazamana na delta, ni ya ukungu, na bustani nzuri za matumbawe ziko zaidi upande wa kusini na mashariki wa kisiwa.

Vijana wenzako wanaotaja Msimbazi wako karibu zaidi na ukweli, ila hawajafika. Msimbazi unashuka kutoka vilima vya Pugu na Kisarawe, unapita Jangwani na kumwaga penye Daraja la Salenda, na maji yake hupanda kaskazini kando ya Oysterbay na rasi ya Msasani. Kutoka pale hadi kwako ni kilomita chini ya 20, safari ya siku moja tu kwa mwendo ule ule. Tope lake linaweza kukufikia, ila kwa kurukaruka: linatua, bamvua linaliinua, linasogea, linatua tena. Hukumu yangu ni kwamba rangi unayoiona mvua inaponyesha ni ya mto wa jirani yako, Tegeta na Mbezi, na Msimbazi huja nyuma na mchango wake. Mito hii midogo hudharauliwa kwa sababu nusu ya mwaka haina maji ya maana. Ukitaka kujua ilivyo, nenda ukasimame juu ya makorongo ya Goba au Madale baada ya mvua ya usiku mmoja, mahali tingatinga limekwangua kiwanja mwezi wa pili na mwenye kiwanja anasubiri hela ya msingi. Udongo ule mwekundu hauna majani ya kuushika. Asubuhi uko baharini.

Na hili la udongo wa bara kuishia baharini halikuanza jana wala halipo kwetu tu. Kule Malindi, Kenya, ambako Mto Sabaki unamwaga, wanasayansi walichunguza tumbawe lililokuwa limekua kwa miaka ipatayo 300. Matumbawe huweka tabaka mwaka kwa mwaka, na udongo wa mto huacha madini ya bariamu ndani yake. Tumbawe lile lilionyesha udongo ukiongezeka tangu mwanzoni mwa karne ya 20, ardhi ya bara ilipoanza kulimwa na kulishwa mifugo kwa namna mpya.

Turudi kwenye bamvua lako. Bamvua hapa Dar hupandisha na kushusha maji mita 3 na zaidi. Maji mafu, yaani kupwa na kujaa kudogo kwa katikati ya bamvua moja na jingine, hucheza kwenye mita moja hivi. Muda ni ule ule, saa sita na dakika chache, kwa hiyo maji mengi zaidi lazima yapite katika mlango ule ule wa hori kwa muda ule ule. Mwendo unaongezeka, na msuguano kwenye sakafu ya bahari unaongezeka zaidi ya mwendo wenyewe: mwendo ukiwa mara mbili, msuguano unakaribia kuwa mara nne. Hapo ndipo tope linapoamka. Ndiyo sababu maji yako yalitakata wakati wa maji mafu, ukadhani ni kwa sababu mvua imekata. Mvua kukata kulichangia. Maji mafu yalifanya kazi kubwa zaidi.

Lakini kuna ukaidi kwenye tope ambao mchanga hauna. Mwaka 1935 Filip Hjulström wa Sweden alichora mchoro ambao wanafunzi wa mito wanaukariri hadi leo. Unaonyesha kwamba tope likishatua na kushikana huhitaji mkondo mkali kuling'oa, wakati mwingine mkali kuliko ule unaoinua mchanga, ila likishainuliwa, hata mkondo dhaifu kabisa unatosha kulibeba. Kuinuka kunahitaji nguvu, kubaki juu hakuhitaji. Kwa hiyo maji yakijaa yanabeba tope hadi ndani kabisa ya hori, mkondo unapungua, tope linaanza kushuka lakini bado linasogea mbele likishuka, linatua mbele zaidi ya pale mkondo ulipolegea. Maji yakianza kupwa hayalipati kwa urahisi. Hatua kwa hatua, kupwa na kujaa hulisukuma tope kuelekea nchi kavu. Hili lilielezwa vizuri miaka ya 1950 kwa vipimo vya bahari ya kina kifupi ya Uholanzi, na ukitembea kwenye mikoko ya Kunduchi maji yakiwa yamepwa, miguu yako itakueleza hivyo hivyo.

Mikoko huongeza breki. Mizizi inavunja mkondo, maji kati yake yanakaribia kusimama, vibonge vinatua, na bamvua linalofuata halifiki pale kwa nguvu ya kutosha kuvirudisha. Katika kijito kimoja cha mikoko karibu na Cairns, Australia, vipimo vya miaka ya 1990 vilionyesha kwamba hadi asilimia 80 ya mashapo yaliyoingia na maji ya bamvua yalibaki ndani ya msitu. Sisemi Kunduchi ni asilimia hiyo hiyo, kila hori lina tabia yake. Nasema kila mkoko unaokatwa kwa nguzo au kuni huachia sehemu ya tope hilo lirudi kwenye madema yako.

Kuna la mawimbi pia, na wavuvi wengi hawalipi uzito. Wimbi husumbua maji hadi kina cha nusu ya urefu wake, kutoka kilele hadi kilele. Kijiwimbi cha upepo wa mchana, kinachopita kila sekunde tatu, kina urefu wa mita 14 hivi, kwa hiyo kinagusa chini hadi mita saba. Wimbi la kusi la sekunde tano lina urefu wa karibu mita 39, nalo hukoroga hadi mita 19 au 20. Nyuma ya Mbudya, Pangavini na Bongoyo mmekingwa kiasi. Nje ya visiwa hakuna kinga. Kimbunga Hidaya kilipofika upande wa Mafia tarehe 4 Mei 2024, mawimbi yalikoroga sakafu ambayo bamvua la kawaida haligusi, na baada ya dhoruba ya namna hiyo usimlaumu mto kwa kila rangi unayoiona.

Kwa nini basi bamvua la kwanza baada ya mvua ndilo linalochafua zaidi? Tope jipya ni karibu maji matupu, zaidi ya asilimia 80 ya ujazo wake ni maji, halijajishikiza. Likiachwa siku kadhaa hukamuliwa na uzito wake lenyewe, na juu yake hutandaa utando wa viumbe vidogo sana vinavyoligandisha. Bamvua la pili litainua kidogo kuliko la kwanza, la tatu kidogo zaidi. Mpaka mvua nyingine ilete tope jingine, au mtu apite na juya la kukokota, afanye kazi ya dhoruba kwa mchana mmoja.

Nikuonye jambo kuhusu macho. Gramu moja ya mfinyanzi hutawanya mwanga mara nyingi zaidi ya gramu moja ya mchanga, kwa sababu ina chembe nyingi zaidi. Mto unaweza kusukuma mchanga mwingi chini chini usiuone, halafu mfinyanzi kidogo ukakutisha. Picha za setilaiti zina udhaifu huo huo, nazo huona tabaka la juu peke yake. Wenzako wanaozamia pweza na kambakochi watakwambia kuna siku juu ni safi, ukishuka unakuta ukungu mita moja au mbili kutoka chini. Siku hiyo kwenye picha bahari ni safi.

Hapo ndipo ninapotaka kugusa mchanga, maana ufuko wenu unahitaji mchanga na hauna kazi na tope. Mchanga unatoka kwenye mito ile ile, ila hausafiri na mfinyanzi. Hutambaa chini, hufika mdomoni mwa mto, mawimbi huusambaza kando ya ufuko. Kwa miaka mingi mchanga umechimbwa kwenye vitanda vya Tegeta, Mbezi na mito mingine kwa ajili ya matofali ya jiji hili, na ufuko wa Kunduchi umeliwa hadi majengo yakaanguka baharini. Kwa hiyo mnapata hasara pande zote mbili: tope mlilolikataa linafika, mchanga mnaouhitaji unapakiwa kwenye lori.

Swali lako la Bwawa la Nyerere naweza kulijibu kwa ufupi kwa upande wa Kunduchi: hapana. Kama tope lako si la Rufiji, bwawa la Rufiji halitalipunguza. Kwa delta yenyewe ni habari nyingine. Bwawa lilianza kujazwa Desemba 2022 kwa ajili ya mitambo ya megawati 2,115, na bwawa lolote la ukubwa huo hushika mchanga karibu wote na sehemu kubwa ya tope, kwa sababu maji yaliyotulia ndani yake hutoa ule muda wa kuzama tuliouhesabu juu. Misri walijenga Bwawa Kuu la Aswan, likaanza kuzuia maji mwaka 1964. Ndani ya miaka michache uvuvi wa dagaa mbele ya delta ya Nile ukaporomoka, kwa kukosa rutuba ya mafuriko, na ufuko wa Rashid ukazidi kuliwa kwa kukosa mashapo. Rufiji si Nile, bado kuna mito na bonde chini ya bwawa linaloweza kuchangia udongo. Lakini anayevua kamba kwenye midomo ya Rufiji ana sababu ya kufuatilia kuliko wewe. Kule, maji yakizidi kutakata mwaka baada ya mwaka, mimi nisingefurahi.

Ukitaka kumaliza ubishi na wazee wako, pima mwenyewe. Chukua mfuniko mweupe wa ndoo wenye upana wa sentimita 20 au 30, ufunge jiwe chini, kamba katikati, na upige fundo kwenye kamba kila nusu mita. Hicho ni chombo alichokitumia padri Angelo Secchi mwaka 1865 kwenye bahari ya Italia, na hadi leo meli za utafiti zinakibeba. Shusha upande wa kivuli wa ngalawa, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, hadi mfuniko upotee machoni, hesabu mafundo. Andika kwenye daftari tarehe, kina, kama maji yanajaa au yanapwa, ni bamvua au maji mafu, upepo, na lini mvua ilinyesha mara ya mwisho. Pima sehemu tatu zile zile kila safari: karibu na mdomo wa hori, katikati, na nje ya Mbudya. Mkifanya watu watatu wanne kupitia BMU yenu, kile kikundi cha kusimamia uvuvi na ufuko, itakuwa bora zaidi, maana macho ya mtu mmoja yana mazoea yake.

Halafu usome hivi. Kina kikipungua mdomoni mwa hori kwanza na nje baadaye, tope ni la mto wenu. Kikipungua sehemu zote tatu siku moja bila mvua, na upepo ni mkali, ni mawimbi yanakoroga sakafu. Kikipungua kila bamvua na kurudi kila maji mafu, huku tofauti ikizidi kupungua kadiri siku zinavyotoka kwenye mvua, hilo ni tope lililokwisha kutua linaloamshwa. Na ikitokea kikapungua nje ya Mbudya kabla ya kupungua mdomoni, mkondo ukitoka kusini, basi niandikie, kwa sababu hapo wazee watakuwa na hoja na nitataka kuliona daftari lako.